Mto Uliosuguliwa

Mama mkwe wangu, MaNgubane, alikuwa amekataa katakata kubatizwa kwenye bwawa la kuogelea la shule. Mama yake alizamishwa katika kijito chetu, bibi yake pia, na yeye hakuwa tayari kwenda mbinguni akinuka dawa. Lakini tangu bomba la maji machafu lipasuke kule juu, Mchungaji Zungu hakumruhusu mtu kutia hata kidole humo. Bomba likazibwa, mvua zikanyesha zikaisha, maji tuliyopeleka maabara yakarudi na jibu zuri. Bado mchungaji alitaka kusikia habari za wadudu. Chupa ya maabara huona ya siku moja, lakini mdudu ameishi mtoni miezi na hajui kudanganya.

Mpima wadudu wa kijijini ni mimi. Unaingia majini, unapiga mawe teke, unakinga wavu, unamimina ulichonasa kwenye kopo jeupe la aiskrimu. Wadudu wanaopenda usafi wana alama nyingi, ruba na minyoo wana chache. Ukitoka wastani mzuri, mto ni mzima.

Jumamosi asubuhi kanisa zima lilijipanga ukingoni. MaNgubane alikuwa mbele, kilemba kipya kichwani, anatabasamu kama bibi harusi. Nikapiga mawe teke. Hakuna kitu. Nikapiga tena mpaka unyayo ukauma, na kopo likabaki jeupe. Hata mnyoo mmoja hakuwemo, na mto usio na hata mnyoo ni mto uliokufa. Mchungaji akakohoa, akaanza kusema kwamba lile bwawa la shule, kwa kweli, lina ngazi nzuri.

Mama mkwe wangu bado alikuwa anatabasamu. Hapo nikaingiwa na wasiwasi wa aina nyingine.

"Mama," nikamwuliza, "jana mlikuwa wapi?"

"Si hapa hapa! Mto unakuja kukaguliwa, sisi tukae tu? Tumesugua kila jiwe, makoti. Kwa brashi na sabuni."

"Na wadudu?"

"Tumewatupa wote. Ulitaka watuaibishe mbele ya mchungaji?"

Makoti, yaani mke wa mwana kama mimi, hacheki ovyo mbele ya wakwe. Hilo nalijua, nilifundwa. Lakini nilicheka mpaka nikakaa majini na sketi yangu. Mchungaji alishika kofia yake, mabega yakimtikisika, na akina mama waliosugua naye MaNgubane wakatazamana bila kuelewa kosa lao. Nilipopata pumzi niliwaeleza kwamba wamewafukuza mashahidi wao wenyewe, na sabuni isikanyage mto huo tena.

Nikauliza walisugua mpaka wapi. Mpaka kwenye kona, wakasema kwa fahari. Mbele ya kona kuna fahali wa Mzee Khuzwayo, na hakuna anayempita.

Siku hiyo tulimpita. Tulipanda wote, sketi mkononi, MaNgubane akitangulia na brashi yake kama rungu. Fahali alitutazama akaona heri aondoke. Nikapiga mawe teke, na kopo likajaa uhai: kaa mdogo, viluwiluwi vya kereng'ende, na yule mdudu bapa mwenye mikia miwili, mwenye madaha kuliko wote, asiyekaa mahali pachafu hata dakika.

MaNgubane aliinama juu ya kopo.

"Huyu nimempiga brashi jana. Wengi."

"Ndiye mwenye alama nyingi kuliko wote, Mama."

Kisha akamwomba radhi yule mdudu, taratibu, kwa heshima zote. Nilijumlisha alama, nikagawanya, nikampa mchungaji jibu, naye akatangaza ubatizo wa Jumapili ya wiki ijayo, pale pale kijitoni.

Jumapili hiyo mchungaji alimzamisha mama mkwe wangu mara tatu. Mara ya tatu MaNgubane aliibuka, sote tukiwa tayari kupiga vigelegele, lakini yeye alikuwa anatazama ukosi wa kanzu yake nyeupe. Akaniita mbele ya kanisa zima, maji yakimtiririka usoni, sauti ikimtetemeka kwa furaha.

"Makoti, njoo uone. Wameanza kurudi."