Jua Linalopoza Dawa

Tangu aanze kudungwa insulini, mama hakuwa amelala mbali na nyumbani, maana dawa ile hutaka baridi. Sasa, asubuhi ya pili ya kupiga kambi na bintiye, friji yao ndogo ya sola ilikuwa imezimika.

"Haya fundi wangu, tufunge virago?" mama alimtania bintiye.

"Subiri kwanza, mama."

Binti aliona kivuli cha hema kimelala juu ya paneli ya sola. Akaisogeza juani. Punde friji ikaanza kunguruma.

Mama, jasho likimtiririka, aliishika chupa ya dawa. Ilikuwa ingali baridi.

"Yaani jua hili hili linalotuchoma ndilo linalonipozea dawa?"

"Ndilo hilo."

Akairudisha chupa ndani ya friji.

"Basi tusifunge virago; nyumbani turudi Jumapili," akanong'ona.