Injini Juu ya Boriti

Mjini wanasema nyumba yangu iliangushwa na mvua ya masika. Mvua gani? Nyumba ile aliijenga babu yake babangu, ikapigwa na masika yasiyo hesabu, na dari haikutoa hata tone. Mume wangu Hamid naye, akikaa barazani na wenziwe, huinua kidole juu akasema ni kudura ya Mungu. Kudura haikataliwi, haya. Lakini mimi nilikuwamo, na niliyoyaona nitayasema, na atakayekasirika na akasirike.

Mwajua mambo yetu ya Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe. Mwanamke hahami kwao, mume ndiye huja. Nilipoolewa baba aliniandikia ile nyumba, nami siku ya kumwoza binti yangu Swafiya ndiyo ingekuwa yake. Hamid aliingia humo na sanduku la nguo na msahafu. Simsimangi, ndivyo waume wa mji huu waingiavyo. Nasema tu ijulikane nyumba ilikuwa ya nani.

Swafiya alikwisha poswa na Fadhil, mwana wa Bi Tima, kijana wa adabu zake, na harusi tuliiweka mwezi wa mfungo saba. Chumba cha ndani, huko juu, chenye zidaka za nakshi, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, ukuta mzima, tulikipaka chokaa upya kwa ajili yao. Swafiya alikuwa akipanga sahani zake katika zile zidaka, leo azipange, kesho azipangue, mpaka nikamwambia, "Mwanangu, sahani zitachakaa kabla ya mume kuziona!" Akacheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka wakati ule.

Hamid kazi yake ni kushindika mafuta ya ufuta. Kinu chake kilikuwa mtaa wa Langoni, kikizungushwa na ngamia aliyefungwa kitambaa machoni. Mwaka ule, mwaka mmoja kabla ya vita vya Wajerumani, ngamia akafa. Mwenye akili angenunua ngamia mwingine. Hamid alivuka bahari kwenda bara akamkuta mzungu mmoja ambaye shamba la pamba limemshinda na anataka kurudi kwao, akanunua kwake injini ya mafuta ya taa. Akamaliza fedha yake yote. Banda la Langoni halikuitosha, basi akanijia na maneno ya asali.

"Mama Swafiya, sisi twakaa juu, vyumba vya tini ni vitupu. Niiweke humo kwa miezi michache tu. Mafuta ntakayouza ndiyo harusi ya mwanao."

Nikakubali. Kosa hilo ni langu, simtwiki mtu.

Hamali kumi na wawili waliibeba kutoka pwani, wakaiweka chini katikati ya chumba, chuma kitupu, na gurudumu lake refu kuliko mimi. Ilikuja bila kitako. Magogo iliyokalia kule shambani yalikwisha oza, mzungu kayaacha hukohuko. Basi Hamid akamwita Hamdun wa Faza. Hamdun ni ndugu yangu wa kunyonya, mama yake alininyonyesha mwaka mama yangu alipougua, ndiyo maana tulikuwa tukisema naye uso kwa uso. Miaka tisa alikuwa chini kwenye injini za meli za moshi, akila makaa na grisi. Mashine anazijua.

Hamdun akaizunguka ile injini, akaipapasa miguu yake minne.

"Shemeji," akamwambia Hamid, "hini yataka magogo mawili ya bambakofi, mti mgumu, yachongwe mraba. Magogo yakae juu ya msingi wake wa mawe, peke yake, usiguse ukuta wa nyumba. Na kila mguu uwekewe ngozi nene na parafujo mpya. Rupia sitini. Kazi yangu ni bure."

"Sitini kwa kitu cha kukalia?" Hamid akapiga kofi. "Injini hini ni sultani?"

Palikuwa na boriti nne zilizobaki tulipokarabati dari. Hamid akatoboa ukuta huku na huku, akachomeka ncha za boriti ndani ya ukuta, akaziba kwa chokaa, vilevile tunavyofanya dari. Injini akaipandisha juu yake, na vipande vya ngozi kuukuu chini ya miguu.

"Boriti hizi zabeba dari za mawe toka enzi za mababu," akasema. "Zitashindwa na kidude hiki?"

"Dari imelala, shemeji. Hiki hakilali," akasema Hamdun.

Wanaume wote wa mtaa wakawa upande wa Hamid, na kusema kweli, hata mimi moyoni nilimpa haki. Nani katika mji huu aliwahi kuona boriti ikimsaliti mtu? Tunazaliwa chini yake na tunafia chini yake.

Basi injini ikawashwa, na Hamdun ndiye akawa mwenye kuiendesha. Mji mzima ulikuja kuitazama, watoto wakikimbia kila inapopiga mshindo. Kwa siku moja ilishindika ufuta wa siku sita za ngamia. Hamid akatembea kifua mbele, akaanza kuitwa Bwana Injini, akafurahi kweli, masikini.

Mimi nilikuwa juu. Siku ya tatu nikaona sahani za Swafiya zinatembea. Wallahi, zilitembea! Zilitoka kwenye ukuta zikaja ukingoni mwa kidaka, taratibu, moja nyuma ya mwenziwe. Mwezi wa pili vumbi la chokaa lilikuwa likituangukia kwenye chakula, Swafiya akifunika sufuria kwa kawa, akilifunua limejaa vumbi. Nikamwambia Hamid. Akashuka na nyundo, akapigilia kabari ya mti chini ya mguu mmoja, akapanda kujisifu. Baada ya siku nne kabari ikaruka. Akapigilia mbili. Zikaruka. Akafunga mguu kwa kamba ya makumbi ya nazi. Injini hufungwa kwa kamba, jamani? Mbuzi?

Asubuhi moja Hamid yuko sokoni, Hamdun akanishusha chini, akanimulikia kwa taa. Ufa ulikuwa umetoka pale boriti ilipoingia ukutani, umepanda mpaka darini. Kiganja changu kiliingia.

"Tazama, dada," akasema. Akabonyeza kipande cha ngozi chini ya mguu wa injini, kikazama kama muhogo wa kuchemsha. "Mafuta yatona hapa kutwa, ngozi imelewa. Boriti nayo ni mviringo, mguu wa chuma ni bapa, haukukalia ila mstari. Parafujo hulegea kila siku, nami nikiikaza, Bwana Hamid huniambia nampotezea wakati. Mguu moya ukilegea, mitatu hubeba kazi ya minne, kisha nayo hulegea. Na mtikisiko wote hauna ndia ila kwenda ukutani, maana boriti zimechomekwa humo."

"Na kuweka kitako cha haki sasa ni kiasi gani?"

"Sasa mia na ishirini. Magogo, parafujo za kuagiza Mombasa, na mwashi wa kuziba huu ufa."

"Tukingoja baada ya harusi?"

"Mkingoja hamtauliza bei."

Nilikuwa na bangili nane za dhahabu mkononi, za mama. Sonara angenipa rupia thelathini kwa kila moja, bila ya kubembelezwa. Nne tu zingetosha. Lakini bangili zile nilizikusudia Swafiya azivae siku ya kupambwa, anapokalishwa mbele ya wanawake wote, na Bi Tima ana macho ya kuhesabu. Nilimwona akilini mwangu akihesabu mkono wa mwanangu, akifika nne, akinyamaza. Nikavuta leso nikafunika mkono. Nikamwambia Hamdun nitasema na mwenye mashine.

Nikasema naye usiku huo. "Usipoziba ufa utajenga ukuta, Baba Swafiya."

"Wanawake na methali," akasema. "Nimeahidi mitungi arubaini ya mafuta kwa meli ya mwezi huu. Nikizima injini, harusi ntailipa kwa nini, kwa methali?"

"Sahani zatembea!"

"Zifunge."

Ndivyo alivyonijibu. Kesho yake Hamdun akaja, akaona kamba mpya imefungwa juu ya kamba kuukuu, akakunja mikono. Akamwambia Hamid mbele yangu kwamba hataiwasha tena, kwani nyumba ni ya mtoto na dhambi yake haibebeki. Hamid akamwambia Faza kuna samaki wengi, arudi akawavue. Hamdun akarudi.

Siku ishirini na moja kabla ya harusi, mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Mvua ilikuwapo, sikatai. Baada ya sala ya adhuhuri Hamid akaiwasha mwenyewe. Mimi na Swafiya tulikuwa ukumbini tunachambua mchele. Nikausikia mlio umebadilika, ukawa kama mtu anayegugumiza. Kisha chini pakalia mti unaochanika. Nikamshika Swafiya mkono, nikamvuta mpaka ngazini bila viatu bila buibui. Nyuma yetu ukuta wa chumba cha ndani ulijikunja, ukatoka na boriti zake na zidaka zake zote, ukashuka. Dari ikaufuata.

Hamid alitoka chini mweupe kwa chokaa, mzima, bila hata mkwaruzo. Neno lake la kwanza, naapa kwa aliyeniumba, lilikuwa, "Injini haikuvunjika!"

Swafiya hakulia. Alisimama mvuani akitazama ile sehemu iliyokuwa chumba chake, sasa unaona mbingu. 

Bi Tima alikuja siku ya tatu na wanawake wawili, akatupa pole nzuri, ndefu, akalia hata machozi. Kisha akasema mwanawe hana nyumba ya kumweka mke, na mke hana nyumba ya kumweka mume, basi tumwachie Mungu. Ikawa ndiyo basi. Kabla ya Ramadhani Fadhil alimwoa Alawiya wa mtaa wa pili, mwenye ghorofa nzima. Simlaumu kijana. Mama yake namlaumu kila siku.

Sisi tukahamia mtaa wa Wiyoni, nyumba ya udongo na makuti, ya kupanga. Ya Mkomani, kilichobaki kikabomolewa, mawe yakauzwa. Injini Hamid aliifukua, akaisafisha kwa mikono yake, akaijengea banda uani. Kisha akafunga safari ya Faza akamwomba Hamdun radhi. Hamdun akaja, si kwa ajili yake, kwa ajili yangu. Safari hii kila kitu kilifanywa kama alivyosema tangu mwanzo. Msingi wa mawe peke yake. Ngozi nene mpya. Parafujo mpya. Magogo mawili ya bambakofi yaliyochongwa mraba.

Siku ya kuiwasha Hamid akatuita uani, mimi na Swafiya. Akajaza kikombe maji mpaka ukingoni, akakiweka juu ya injini inayonguruma. Maji yakacheza kidogo tu, hayakumwagika. Uso wake ukang'aa.

Mimi nilikuwa nikitazama chini. Chini ya mguu wa injini, ubavuni mwa gogo, palikuwa na nusu ya ua la nakshi. Upande wa pili palibaki kovu la msumeno. Zile zilikuwa nguzo za mlango wangu, mlango mkuu, aliouchonga babu yake babangu kwa mkono wake, pale nilipotolewa bibi harusi nikaonyeshwa watu. Hamdun akainamisha kichwa. Nikajua hakuambiwa zimetoka wapi mpaka alipokwisha kuzikuta zimekatwa.

"Umeona, Mama Swafiya?" akasema Hamid. "Kitako cha bambakofi, kizuri kuliko cha Mombasa, na hakikutugharimu hata pesa moya."

Swafiya alikuwa akiyatazama maji. Kisha akageuka akanitazama mimi, si baba yake. Akautazama mkono wangu. Bangili zilikuwa nane, zote, hakuna hata moja iliyopungua. Nikavuta leso kuzifunika, naye akaingia ndani kuwasha jiko.