Amehama, Wanasema

…na mbona basi Dorca halitaji ombi, anataja kila kitu isipokuwa hilo, amesimama hapo mlangoni na mfuko wa sukari na majani ya chai mkono mmoja, simu mkono wa pili, na ndani ya simu hiyo Wangu anajua kabisa kuna nini, maana ombi liliingia humo asubuhi pale alipowasha tena kisanduku chake cha mtandao wa mtaa, Nyumba ya Mburu inaomba kurudi kundini, kubali au kataa, vitufe viwili tu, alivipanga yeye mwenyewe, kile cha kukubali akakifanya kikubwa ili hata kidole cha mzee kisikikose, na Dorca si mzee, Dorca anaweza kuona omena iliyochacha akiwa ng'ambo ya soko, lakini ombi hilo anajifanya hajaliona, anasema, "Mos ahinya, Mama Ivy, pole sana. Yawa, sisi tumesikia jana tu vile umefika, nikaambia Griffins hapana, mimi lazima niende nimpe pole," na Wangu anaitikia asante, asante Mama Griffins, huku jicho lake liko ukutani kwenye taa ya njano ya kisanduku, njano maana yake bado nabisha hodi, na jirani mmoja tu akifungua basi mtaa mzima wa Kaloleni umefungua, ndivyo alivyoitengeneza, mmoja tu, na huyo mmoja amesimama hatua mbili kutoka hapa anasimulia habari za mvua.

Anasema Ahero maji yameingia tena mpaka kwenye majiko… Ahero, eti anamtajia yeye Ahero, kana kwamba si Wangu aliyekwenda huko kumzika mama mkwe wa Dorca, barabara imemezwa na maji, viatu mkononi, sketi imekunjwa hadi magotini, akafika akakuta wanawake wanachambua mchele akaketi akachambua, hakuna aliyemtuma, alikwenda kwa sababu hapa mtu haonekani wa watu kwa maneno yake, anaonekana matangani, usipokuja mara moja watauliza, usipokuja mara mbili hawatauliza tena, alilijua hilo tangu utoto, mama yake alimfundisha, mama ambaye alikuwa akikisema Kijaluo mpaka wachuuzi wa soko la Kondele wakasahau kwamba ni Mkikuyu, mama aliyemwogesha huyu Griffins akiwa na siku saba kwa sababu Dorca alikuwa msichana, hajui kumshika mtoto, mama huyo amezikwa Othaya, Ukikuyuni, na hema la wageni wa Kisumu lilisimama tupu, viti vimepangwa, hakuna aliyekalia hata kimoja, na kaka yake Kahiga akapita pale akavitazama, akasema taratibu, "Hao watu wako wako wapi?" wala hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana liliuma.

Maana aliwaambia. Msiba wenyewe hauutangazi kwa kupigia mtu mmoja mmoja kama unayedai, unautia kundini na kundi linaubeba, ndivyo wanavyofanya wote hapa, akauandika kwa simu yake akiwa Othaya, mama yetu ametuacha, mazishi ni Alhamisi, akautuma kwenye mtandao wao wa paa kwa paa, huu aliouanzisha yeye, visanduku na antena juu ya mabati, nyumba kwa nyumba, bila ofisi, bila mwenyekiti, kwa sababu Kisumu ukiweka mwenyekiti umeweka ugomvi, na jibu likaja kabla hajafuta machozi, aliyetuma si mwanachama, ujumbe umekataliwa. Aliyaandika maneno hayo yeye mwenyewe, neno kwa neno, aliyaandikia wezi na matapeli, hakujua anaiandikia maiti ya mama yake.

"…na stima nayo kila siku inapotea, hata mimi friji yangu imekufa," anasema Dorca, na Wangu anatikisa kichwa, ndiyo, stima, kosa la kwanza ni hilo, aliondoka haraka mama alipozidiwa, tokeni za stima zikaisha nyumbani, kisanduku kikanyamaza, sawa, kunyamaza si dhambi, alilifikiria hilo kuliko jambo lolote, visanduku vinasalimiana kutwa kucha, upo, nipo, na wewe upo, nipo, na kimoja kisipoitika jirani hakurupuki kusema kimekufa, anamwomba jirani mwingine, hebu nibishie wewe, pengine ni mvua, pengine ni mimi nisiyesikia, na wakishindwa wote kinaandikwa kimya, kimya tu, na nyumba haitolewi mpaka watu wawili wa nyumba za jirani, watu wenye akili na vidole, wathibitishe kwamba wenyewe wamehama, hapo ndipo habari inanong'onwa, nyumba moja kwa mbili, mbili kwa nne, kabla ugali haujaiva mtaa mzima umekwisha kukufuta… visanduku vilimwulizia kwa wenzao, vyuma hivyo, na watu hawakuuliza, namba yake ya simu Dorca anayo, Oketch jirani wa upande wa pili anayo, hakuna aliyesema hebu nimbishie Mama Ivy, labda ni mimi nisiyesikia.

"Na wewe si ungesema, Mama Ivy," anasema Dorca, "sisi tungekuja. Basi mzima tungejaza. Lakini watu walikuwa wanasema umehama."

"Watu gani?"

"Watu tu. Si unajua vile watu husema. Wenzenu wengi wameanza kutoa vitu, uchaguzi ikikaribia, sasa watu wakaona nyumba iko giza, wakasema haya, na huyu pia ameenda kwao."

Wenzenu… kwao… Kwao wapi, alizaliwa chumba hicho cha nyuma, baba yake, mzee Mburu, alikuja hapa akiwa kijana na sanduku la fundi saa, akapewa nyumba na kaunsili, akafia humu humu. Lisemwalo lipo, wanasema wahenga, na kama halipo laja, basi limekuja, limebeba sukari na majani ya chai. Watu tu. Na hawezi kuwauliza ni nani, kwa sababu jina halimo, taarifa ya kumtoa mtu haibebi jina la aliyeisema, yeye ndiye aliyelitoa, walikaa kikao cha kwanza na Oketch akasema, "Madam, mtu akisema mwingine amehama, jina lake iandikwe, ndio asiseme uongo," na Wangu akakataa, akawaeleza kwa upole kwamba jina hapa ni kabila, ukiandika nani amemtoa nani kesho watu watahesabu Wajaluo wangapi wamemtoa Mkikuyu gani, acheni majina, aminianeni, wakapiga makofi, alipigiwa makofi kwa hilo, na leo makofi yale yanamfunika mtu.

Lakini si Dorca. Jirani zake wa antena ni watatu, Dorca huku, Oketch kule, na Nasambu muuguzi nyuma, watatu, na wawili ndio waliosema, basi yawezekana kabisa ni Oketch na Nasambu, Nasambu yule mwenye haraka anayebonyeza kila kitu bila kusoma, amelishikilia hilo tangu Othaya, amelala nalo, ni Oketch na Nasambu, Dorca hakutia kidole, Dorca alikataa pengine, alisema hapana, huyo ni dada yangu…

"…hata Nasambu hajui vile umefiwa, ako Webuye na mtoto mgonjwa tangu Pasaka, simu yenyewe ilianguka kwa choo, hajarudi mpaka leo," anasema Dorca.

Tangu Pasaka. Wangu aliondoka mwezi wa sita. Anasema, "Aa, pole yake," na sauti inatoka ya kawaida kabisa, ajabu, kama ya mtu mwingine anayeongea chumbani, kwa maana sasa wamebaki wawili na waliosema ni wawili, hesabu ya darasa la kwanza, na Dorca anaendelea, mkono umechoka anautundika mfuko wa sukari kwenye kiwiko, hajui alichokisema, ana uso ule ule mpana aliokuwa nao kisimani walipokuwa wasichana, na Wangu anangoja hasira ije na inakuja, chungu, sema basi, mwambie, ni wewe, ulikifungua kile kitufe ukasoma je, wamehama, ukasema ndiyo, ulikuwa unakaanga samaki au ulikuwa umeketi… kisha hasira inagonga kitu kingine na kusimama. Kidole cha Dorca. Kiko juu ya kioo cha simu, kimekuwa juu ya kioo muda wote huu, kinazunguka hapo hapo na hakishuki. Kumbe ameliona. Ameliona tangu asubuhi, na limemleta, na hathubutu, kwa sababu kuingiza mtu kuna jina, hilo Wangu aliliacha liandikwe, kuna kijana aliwahi kuingizwa na asiyejulikana akaiba akaunti za watu, wakakubaliana kila anayeingia jina la aliyemdhamini likae kando ya jina lake milele, Nyumba ya Mburu, imeingizwa na Dorca, Kaloleni nzima isome, Oketch asome, mwaka wa uchaguzi. Kumtoa mtu ni bure na kumrudisha kuna gharama, na bei hiyo aliipanga nani, si mzungu, si serikali. Hakujiwekea hata mlango wa nyuma wa kujiingiza mwenyewe, alijivunia hilo pia. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, alikuwa akisema mama, na Wangu alidhani kuzaliwa mtaa mmoja kunatosha.

Anamtazama Dorca na hamchukii, angependa kumchukia ingekuwa nafuu, anaona tu mwanamke anayeogopa jirani zake, na kwamba hata kidole kile kikishuka sasa hivi kitakuwa kinamhurumia, na mtu hawezi kukaa kwao kwa huruma. Nje pikipiki inapita na Dorca anangoja ipite ndipo aulize, kwa upole wote, kama anavyoulizwa aliyekuja kutembea ili apangiwe kitoweo, "Na sasa, Mama Ivy, hapa utakaa mpaka lini?"

Wangu akafungua mdomo kumwambia mpaka lini kitu gani, hapa ni kwangu, na hayakutoka, maana kichwani alikuwa ameshaanza kupanga, baada ya mitihani ya Ivy, kabla ya uchaguzi, vitanda viende kwanza.