Vioo Juu ya Paa la Mama

Mvua ya kwanza ya mwaka ule iliingia nyumbani kupitia matundu ya parafujo. Nilikuwa nimekwenda Belobaka mazikoni. Niliporudi nikakuta Mikidache, mume wangu, ameng'oa paneli zote za sola zilizokuwa juu ya mabati yetu, amezifunga katikati ya magodoro mawili na kuondoka nazo. Hakuziba hata tundu moja. Nilisimama sebuleni na sufuria mkononi nisijue niiweke wapi, maana maji yalidondoka kila mahali mikono yake ilipopita. Wako wanawake wanaoachwa kwa barua, wako wanaoachwa kwa maneno. Mimi niliachwa kwa bisibisi, nikabaki na nyumba inayovuja.

Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo hadi leo. Sisimulii ili ipoe.

Kwetu, sisi wa asili ya Ngazija tuliozaliwa huku Mahajanga, ng'ambo ya bahari, nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti, binti humwachia binti yake, na mwanamume huja kuoa na sanduku lake. Wakiachana, hutoka na sanduku lilelile. Akiwa amepaka rangi, rangi inabaki. Akiwa amechimba kisima, kisima kinabaki, na hakuna mwanamume mwenye haya anayedai ndoo moja ya maji yake. Mama yangu, Koultoum, alikuwa akisema msumari ukishaingia ukutani hauna mwenyewe tena ila mwenye ukuta. Mikidache alikulia ndani ya maneno hayo kama mimi, kwa hiyo asije mtu akaniambia hakujua.

Tena lilikuwa paa la mama. Wenyeji walipowageukia watu wetu katika fujo za mwisho wa mwaka sabini na sita, mama alinifunga mgongoni akavuka kwenda Moroni, Ngazija, na wenzake. Tuliporudi mwaka sabini na tisa, kuta zilikuwa zimesimama na mabati yote hayapo. Mama hakuuliza nani kachukua. Alitandaza turubai, akakaanga vitumbua, akanunua bati, akakaanga tena, akanunua jingine. Na muda wote huo, wakati tunalala tukitazama nyota, alikuwa na jozi mbili za bangili za dhahabu zilizoshonwa kwenye pindo la nguo yake. Bati linanunulika kwa vitumbua, aliniambia baadaye, lakini bangili ni za binti. Nilizivaa siku ya harusi yangu, na baada yangu zilikuwa za Hayrat, mwanangu.

Mikidache alikuwa dereva wa hoteli, mtu wa maneno laini na hesabu nyepesi. Miaka ile umeme wa mji ulikuwa ukikatika jioni baada ya jioni. Nilikuwa nikiuza barafu na maji ya ukwaju, na kila umeme ulipokatika nilimwaga nusu ya biashara uani.

"Jua halileti bili, Mama Hayrat," alinambia. "Mwaka wa kwanza unauza barafu. Wa pili unauza barafu na kuchaji simu za mtaa mzima. Wa tatu bangili zimerudi mkononi mwako. Wa nne ni kula faida tu."

"Bangili zipi?"

"Kwani tuna nini kingine?"

Ni kweli hatukuwa na kingine. Benki ilitaka nyumba iwe rehani, na nyumba ilikuwa bado kwa jina la marehemu mama. Wanawake wenzangu wa upatu walikubali nitangulie kuchukua, lakini fungu langu lilitosha nyaya na friza kubwa zaidi tu. Bacar, mwenye duka la sola, alikubali betri tuilipe kidogo kidogo. Paneli alitaka taslimu. Nikaenda kwa sonara. Alikuwa mtu wa maneno machache: angezishika bangili miaka minne bila kuziyeyusha, na baada ya hapo asilaumiwe.

Kusema haki, jua halikudanganya. Friza liliunguruma mchana kutwa. Wauza samaki waliotoka Antsanitia walisimama kwangu kabla ya kufika sokoni, kwa kuwa barafu yangu ilikuwa ngumu na ya uhakika. Vijana walileta simu zao, ariari mia tatu kila moja, bei aliyoipanga Mikidache mwenyewe. Kilichotudanganya ni betri. Ilikufa kabla hatujamaliza kuilipa, na Bacar akasema hivyo ndivyo betri zilivyo, kama vile ni jambo ambalo kila mtoto hulijua. Tukawa tunalipia maiti na kununua nyingine. Mwaka wa tatu ulipokwisha nilikuwa nimekomboa jozi moja na kuishona pindoni kama mama. Jozi ya pili ilihitaji msimu mmoja tu wa joto, na joto ndiyo kwanza lilikuwa linaanza, Mikidache alipopanda juu na bisibisi yake.

Nilikwenda kwanza kwa mjomba Abdou, kaka wa mama, ambaye kwetu ndiye mwenye neno. Alinisikiliza huku akitafuna karanga.

"Mwanangu, nyumba si ipo?" alisema. "Hivyo ni vioo tu."

Vioo tu. Ningemjibu, ningemvunjia heshima ambayo hakustahili. Nikaomba nauli kwa wanawake wa upatu, nikapanda gari la kaskazini mpaka bandari ya Ankify, nikavuka kwenda kisiwa cha Nosy Be. Watu walishaniambia alipo: Ambondrona, kwa mwanamke anayeitwa Ansoifa, mwenye vyumba vya kupangisha watalii.

Nilivitambua vioo vyangu kabla ya kuitambua nyumba. Kimoja kilikuwa na mkwaruzo pembeni, Hayrat alikiparuza kwa fimbo akiangua embe. Mikidache alikuwa kibarazani na glasi ya maji ya baridi. Aliponiona alinyanyuka, akaingia ndani na glasi yake. Aliyetoka ni Ansoifa, mwanamke wa rika langu, kanga kiunoni, mikono na unga. Aliniamkia kwa Kikomoro, akaniita dada, akanipa kiti. Sikukaa.

"Vioo hivyo vimetoka juu ya paa la mama yangu," nilimwambia. "Na wewe umelelewa kama mimi. Msumari ukishaingia ukutani—"

"Ni wa mwenye ukuta," alimalizia. "Hata mama yangu alisema hivyo." Akafuta unga mikononi, taratibu. "Sasa tazama, dada. Ukuta huu ni wa nani?"

Nilikuwa nimesafiri na neno hilo moja tu, na nilikuwa nimelinoa njia nzima. Alilichukua mkononi mwangu akanielekezea mimi. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba alikuwa na haki. Mimi mwenyewe nisingekubali mgeni aje ang'oe kitu juu ya paa langu. Nikanyoosha mikono yangu mitupu mbele ya uso wake.

"Vilinunuliwa kwa bangili za mama yangu. Jozi moja bado iko kwa sonara. Ni za binti yangu."

Ansoifa aliitazama mikono yangu. Kisha akaita ndani, bila kupaza sauti.

"Mikidache. Uliniambia vioo hivi ni mali yako."

Alitokea mlangoni, macho chini. "Nilivifunga mimi, kwa mikono yangu. Fundi hana haki?"

"Dhahabu ya mwanamke umeila?"

Alitazama bahari, kama vile bahari imemwita. Ansoifa alinigeukia.

"Vioo havitoki, dada. Vimeshapigiliwa. Lakini yeye bado hajapigiliwa." Kisha akasema, "Na jozi yako nitailipa mimi, kwa kodi ya vyumba. Sitaki taa zangu ziwake kwa mkono wa mtoto wa mtu."

Nilirudi Mahajanga bila vioo na bila shukrani. Kwa nini nimshukuru? Deni lilikuwa la mwanamume, na wanawake wawili ndio tulioligawana. Ansoifa alituma fedha kweli, kidogo kidogo, mpaka zikatimia. Zilitimia mwezi wa pili baada ya muda wa sonara kwisha. Sonara alinionyesha mizani yake na mikono yake safi. Bangili zilikuwa zimeshakuwa pete za watu nisiowajua.

Kwa fedha hizo nilinunua paneli nyingine. Safari hii nilimleta mchomeaji akaunganisha fremu na vyuma vya paa, anayetaka kuzing'oa ang'oe nyumba nzima. Tuliziba matundu ya zamani kwa lami, yote isipokuwa moja, karibu na mlango, ambalo kila fundi alilitafuta na hakuna aliyelipata. Hayrat aliolewa akiwa na jozi moja. Wanawake waliitazama mikono yake wakatazamana, nami niliona kila jicho.

Miaka ilipita kabla Mikidache hajasimama mlangoni kwangu. Mawingu yalikuwa yameshuka. Alikuwa amekonda, ana sanduku lake, lilelile. Hakuniambia ametoka wapi wala nani kamtoa, na sikuhitaji kuuliza. Alitazama juu ya paa, akatazama friza, akatazama simu za watu zilizopangwa mezani.

"Naona umevirudisha," alisema.

"Nimenunua."

Alitoa simu mfukoni, imezima. Akainyoosha kama mtu wa nyumbani.

"Nichajie kidogo, Mama Hayrat. Nimpigie mtoto."

"Mia tatu."

Alicheka kidogo, akidhani natania. Kisha akaacha kucheka, akapekua mfuko mmoja, akapekua wa pili, akatoa sarafu. Nilizipokea, nikaichomeka simu yake mwisho wa mstari, nyuma ya za wengine. Akaomba kiti asubiri.

Mvua ilikuwa inaanza kugonga mabati. Nikamwekea kiti karibu na mlango.