Tuta la Kona ya Kanisa

Jumamosi moja ya Mei, Avis Pask alikuwa jikoni kwake anakanda unga wa pai ya tufaha simu ilipolia. Alifuta mikono kwa aproni, akapokea. Aliyepiga alikuwa Norris, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye kila wikendi ya mbio alijitolea kupeperusha bendera katika uwanja wa Thornholt, nje kidogo ya kijiji.

"Avis, mama yako yuko huku," Norris alisema.

"Anafanya nini?"

"Amekaa juu ya tuta, Kona ya Kanisa. Anakunywa chai. Nimewaambia washuke, yeye na wenzake, wananionyesha tiketi."

"Tiketi za lini?"

"Za mwaka hamsini na nne."

Avis alizima oveni, akavaa koti, akatoa gari lake dogo. Mama yake, Enid, alifia kwenye tuta hilo akiwa na miaka thelathini na mmoja. Siku hiyo Avis alikuwa na miaka mitano, amelala nyumbani na surua, akiangaliwa na shangazi yake Doris. Sasa Avis alikuwa amestaafu upishi wa shule na magoti yalikuwa yanamsumbua.

Thornholt ulikuwa uwanja wa ndege za vita. Vita vilipokwisha ndege ziliondoka, lami ikabaki, na vijana waliokuwa wamezoea kwenda kasi hawakuwa na pa kwenda. Enzi hizo Uingereza nzima watu walikuwa wanaunda magari ya mbio kwenye vibanda vya uani. Ndugu wawili wa ukoo wa Ravensby waliunda yao nyuma ya duka la mikate: kiunzi cha mbao, bodi ya alumini iliyotoka kwenye ndege zilizokatwakatwa, injini ya gari la kawaida la familia iliyochongwa mpaka ikanguruma vingine. Gari lilikuwa la kijani, limelala chini, halina paa, na mlango wake haukuzidi sinia. Waliunda manne tu. Moja lilizama ziwani huko Uskoti, moja liliungua, moja lilinunuliwa na tajiri wa Japani ambaye hajawahi kuliwasha. La nne ndilo lililochomoka gurudumu la mbele pale Kona ya Kanisa, likapanda tuta na kuua watu saba. Mbio ziliendelea mpaka mwisho. Matokeo yalitangazwa, na mshindi akapewa kikombe.

Mabaki ya gari hilo yalikaa kwenye banda la kuku mpaka yalipopatikana na Tobias Wragge, muuza makabati ya jikoni wa Nottingham. Wragge alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa, na alilipenda gari lile kama wengine wanavyopenda farasi. Alilifufua kipande kwa kipande. Fundi wake alimshauri atie magurudumu mapya. Wragge akakataa, kwa kuwa gari la kale heshima yake ni vyuma vyake vya mwanzo. Jumamosi ile ya Mei ndiyo ilikuwa mara ya kwanza linarudi Thornholt, kushindana na magari mengine ya rika lake, yaliyoendeshwa na madaktari wa meno na mawakili wastaafu waliovaa kofia za ngozi.

Injini yake ilipowashwa, watu saba walionekana juu ya tuta.

Avis aliegesha gari, akapita kwenye lango. Hapo langoni palikuwa na kibao cha shaba alichokijua tangu utotoni: *Kwa kumbukumbu ya watazamaji saba waliovuka kamba.* Ndivyo uchunguzi wa vifo ulivyoamua, kwamba walivuka wenyewe, wakapanda mahali palipokatazwa. Shuleni watoto walimwita Avis mtoto wa mvuka kamba. Shangazi Doris naye, kila Avis alipovunja kikombe au kuchelewa kurudi, alimwambia kwamba ameurithi ukaidi wa mama yake.

Norris alimshika mkono kumpandisha tutani. Enid alikuwa amekaa juu ya koti la mvua, na pembeni yake chupa ya chai. Wengine sita walikuwa wanakula mikate na kutazama barabara.

"Karibu, mama," Enid alimwambia Avis na kusogea. "Kaa hapa, nyasi zimekauka. Umekuja peke yako?"

"Peke yangu. Mimi ni Avis."

"Ah! Hata mimi nina binti anaitwa Avis. Yuko nyumbani na surua, maskini. Nisingetoka, ila wifi yangu kanifukuza, kasema nimemganda mtoto kama kupe."

"Ndiye mimi," Avis alisema.

Enid alimtazama. Akamgeuza kichwa, akafunua nywele, akaliona lile kovu la kuunguzwa na birika nyuma ya sikio. Akairudisha mikono yake mapajani.

"Umezeeka," alisema.

"Ndiyo."

"Na meno haya si yako."

"Ya juu si yangu. Ya chini ni yangu."

"Nani alikuwa anakusuka nywele?"

"Shangazi Doris."

"Huyo!" Enid alisonya. "Mkono wake mzito kama nyundo. Pole, mwanangu."

Alimmiminia chai. Walikaa bega kwa bega, na Avis akauliza swali alilokuwa nalo maisha yake yote.

"Mama, kwa nini ulivuka kamba?"

"Nivuke kamba? Mimi?" Enid aliangua kicheko, akamgeukia mwanamume aliyevaa tai. "Msikie huyu! Kamba tumeinuliwa, mwanangu. Yule bwana wa masharubu, Meja Saltmarsh, mwenyewe kaishika juu kwa mkono wake. Kasema kule chini tumebanana na getini watu bado wamejaa, sisi tupande huku tupishe wengine. Mimi nikainama nikapita, nikamwambia asante."

"Hata mimi," alisema mwenye tai. "Kanisaidia kubeba kiti."

Magari yalipita yakiunguruma, la kijani likiwa la tatu. Kila lilipopita, wale saba walipiga makofi. Katika mzunguko wa mwisho Ravensby lilikata kona vizuri, magurudumu yote manne yakiwa mahali pake, na lilipotokomea hapakuwa na mtu juu ya tuta isipokuwa Avis na Norris. Nyasi zilikuwa zimelala. Waliokuwa jukwaani walirudi kwenye aiskrimu zao.

Mwenyekiti wa klabu iliyoandaa mbio alikuwa Hugh Saltmarsh, mwana wa yule Meja, bwana mrefu asiyepandisha sauti. Avis alimfuata siku ileile.

"Baba yako ndiye aliyeinua kamba," alimwambia. "Wamesema wao wenyewe. Norris alikuwepo."

"Nimesikia, Bi Pask. Inagusa sana," alisema Saltmarsh. "Nitalifikisha kwa kamati."

Kamati ilikutana mwezi Juni, ikamwita Avis, ikampa biskuti. Wragge alikuwepo, ameinamisha kichwa. Saltmarsh alieleza kwamba uamuzi wa uchunguzi wa vifo ni uamuzi wa kisheria na klabu haina uwezo wa kuubadili kwa kubadili kibao.

"Lakini wenyewe walikuwa pale!" Avis alisema. "Gari likitoka tena, pandeni mkawaulize."

"Nilipanda siku ile kabla hujafika, Bi Pask. Nilizungumza nao, ni watu wa heshima kabisa. Tatizo ni kwamba wana masilahi katika jambo hili."

"Masilahi gani? Wamekufa!"

"Ndiyo hasa," alisema Saltmarsh, na katibu akaandika.

Walipotoka nje, Wragge alimfuata Avis mpaka kwenye gari lake. "Ukitaka nisilitoe tena, sitalitoa," alisema. "Sema tu, bibi yangu."

Avis alishika ufunguo bila kuuingiza. Akifikiria kibao, alitaka gari lile lirudishwe kwenye banda la kuku. Akifikiria chai, hakuweza.

"Litoe," alisema.

Likatoka Julai. Avis alikuwa tutani mapema, na kikapu cha pai. Injini ilipowaka Enid akawa amekaa pale, kavaa vilevile, na hakumjua.

"Karibu, mama," alisema. "Umekuja peke yako?"

Avis akaanza upya. Jina, surua, kovu. Mama yake akamwambia amezeeka, akauliza meno, akamsonya Doris. Avis alikula kila neno kama jipya. Safari hii alimuuliza kuhusu baba yake, na Enid akamsimulia jinsi walivyokutana kwenye foleni ya nyama, naye baba akampisha kwa sababu alidhani ana mimba. Wakacheka mpaka mwenye tai akawaomba wapunguze sauti. Kisha mzunguko wa mwisho ukafika.

Habari zilienea. Watu ambao hawakujua gari la mbio na la maziwa yanatofautiana wapi walianza kununua tiketi za Septemba. Walitaka kuwaona wale saba kwa karibu, wasikie Kiingereza chao cha zamani, wapige nao picha. Wengine walikuja wamevaa nguo za hamsini na nne, kofia na glavu, kuwaheshimu. Klabu ilitengeneza mabango mapya. Norris alimweleza Saltmarsh kwamba gurudumu la mbele la Ravensby, anapolitazama kutoka kwenye kibanda chake, halizunguki sawasawa. Saltmarsh akamshukuru. Asubuhi ya mbio Norris akakuta amehamishiwa kwenye maegesho.

Septemba ile njia ya chini ya Kona ya Kanisa ilijaa mpaka watu wakawa wanakanyagana. Avis alikuwa tutani tayari, mama yake ameshaliona kovu. Ndipo akamwona Saltmarsh akija taratibu, na redio yake mkononi. Alizungumza na walinzi wawili. Kisha akaishika kamba, akaiinua juu ya kichwa chake.

"Taratibu, mabibi na mabwana," alisema. "Angalieni mnapokanyaga. Nafasi ipo."

Watu wakainama, wakapita. Wengi wao walimwambia asante.

"Bwana mstaarabu," Enid alisema. "Kafanana na yule mwingine."

Avis alisimama. Aliwapigia kelele watu washuke. Mwanamke mmoja kijana, mwenye glavu nyeupe, alimwambia mumewe ampige picha na bibi huyu pia, akidhani ni mmoja wa wale saba. Mume akarudi nyuma, akateremka mpaka mtaroni kutafuta pembe nzuri.

"Mama, tushuke," Avis alisema. "Nakuomba. Twende wote."

"Nikishuka nitapoteza nafasi yangu." Enid alimfunga kifungo cha koti. "Lakini wewe nenda. Magoti yako hayo, na upepo huu. Nenda nyumbani, ukawashe jiko, umwangalie mtoto. Doris hajui kumpa dawa."

"Mtoto ni mimi, mama."

"Basi jiangalie. Haya, nenda, usibishane na mimi."

Avis hakuwahi kutumwa na mama yake tangu akiwa na miaka mitano. Alishuka. Alikuwa bado kwenye ngazi za mbao, ameshika kamba ya pembeni, gurudumu la mbele la kushoto lilipochomoka. Ravensby lilipanda tuta kimyakimya, kwa sababu Wragge alikuwa ameshazima injini. Wale saba hawakuwapo tena. Waliokuwapo ni wengine.

Walikufa watu wanne. Wragge alitoka akiwa amevunjika mkono, akakaa kwenye nyasi akiwaomba radhi mmoja mmoja, waliokuwa wanasikia na wasiokuwa wanasikia. Mbio ziliendelea, kwani kuzisimamisha kungewafanya watu watawanyike barabarani.

Uchunguzi ulifanywa majira ya baridi. Avis alitoa ushahidi amesimama, akakataa kiti. Alisema aliiona kamba inainuliwa, na mkono ulioiinua, na pete iliyokuwa kwenye mkono huo. Wakili wa klabu alimuuliza kwa upole kama ni kweli alifiwa na mama mahali hapo, na kama ni kweli ana ugomvi wa siku nyingi na klabu kuhusu kibao. Avis akajibu kwamba yote mawili ni kweli. Wakili akasema hana swali zaidi. Uamuzi ukawa kwamba marehemu walivuka kamba. Norris alisoma habari hiyo gazetini, akalikunja, akaenda kumpasulia Avis kuni bila kuombwa.

Kibao cha zamani kiling'olewa, kikawekwa kikubwa zaidi ili majina yote yaenee. Maneno hayakubadilishwa, ila saba ikawa kumi na moja. Wragge alitaka kulichoma moto gari lake, ila lilikuwa limebaki peke yake kati ya manne linalotembea, na klabu ikamsihi sana. Mwishowe aliwaachia. Wakalitengeneza, wakalikabidhi kwa dereva mwingine.

Mei ilipofika, tiketi zilikuwa zimekwisha tangu kabla ya Pasaka. Asubuhi ya mbio Avis alipokuwa anafunga pai kwa kitambaa, mlango uligongwa. Alikuwa mume wa yule mwanamke wa glavu nyeupe. Hakuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amesimama barazani, na mfuko mtupu mkononi.

"Samahani, bibi," alisema. "Wameniambia wewe ndiye unayejua. Nimpelekee nini?"

Avis alikaza fundo la kitambaa cha pai.

"Koti zito," alisema. "Juu kule kuna upepo, na alivaa glavu tu."

Kijana alitikisa kichwa kukubali, lakini hakuondoka.

"Atanijua?"

Avis alimtazama uso wake, ambao haukuwa bado na kunyanzi hata moja.

"Mwaka huu atakujua," alisema, akaenda kuchukua ufunguo wa gari.