Maharage Kwenye Udongo wa Barafu

Mume wangu Paulin aliupenda udongo kuliko wanaume wengine wanavyopenda gari. Sisemi kwa wivu, au tuseme wivu ni kidogo tu. Goma udongo si kitu cha kudharau: mji umekaa juu ya mawe meusi ya volkano, na anayetaka kulima mchicha wetu wa lenga-lenga nyuma ya nyumba analetewa udongo kwa lori. Lakini udongo wa Paulin haukuwa wa lenga-lenga. Ulikuwa wa kijivu, wa mchanga mchanga, umelazwa katika mabeseni chini ya chandarua uani kwetu mtaa wa Himbi, naye aliutembelea asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya kunisalimia.

Aliuchota mwenyewe mlima Ruwenzori, pale barafu inapoishia. Barafu ile inarudi nyuma mwaka hata mwaka, na kila inaporudi inaacha ardhi tupu iliyokaa gizani tangu zamani. Mimi ningeiona ningesema ni changarawe. Paulin alisema ina uhai, vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kwamba hivyo ndivyo vinavyotangulia kuhamia. Hakuna jani la kuoza pale, hakuna mavi ya ng'ombe. Vinakula jiwe, vinavuta nitrojeni hewani, vinakufa, na vilivyokufa vinalisha vinavyofuata, mpaka siku moja mmea wa kwanza unapata pa kushika. Beseni moja lilitoka ukingoni kabisa mwa barafu, jingine pale barafu ilipokuwa ikifika enzi za babu yake. Alitaka kujua chakula hicho cha ardhi kitazungukaje mlima ukizidi kupata joto, na joto la Goma lilimfaa kwa jaribio. Kilichohitajika ni maji ya mvua tu, na mkono wa mtu ukae mbali.

Udongo mwingine wa akiba haukuwepo. Ule uliokuwa kwenye friji kazini kwake uliharibika mwaka volkano ilipolipuka, tulipokimbilia Sake na umeme ukakatika. Kurudi mlimani haikuwezekana tena, kwa sababu waasi wanaochinja watu upande wa Beni walikuwa wamejaa msituni chini ya mlima. Miaka ya kazi yake yote ilikuwa ndani ya yale mabeseni, na kila aliyeingia kwetu aliambiwa apite mbali nayo.

Waasi hao hao ndio waliotuletea mama mkwe. Mama Kahambu aliishi kijiji cha karibu na Mutwanga, ambako asubuhi ya mawingu machache ulisimama mlangoni ukaiona theluji, ambayo yeye huiita nzururu kwa Kinande chake. Siku majirani zake walipouawa shambani, alikimbia na kitenge alichovaa na mbegu za maharage alizozifunga kwenye pindo la kitambaa. Barabara ya Rutshuru ilikuwa imefungwa na vita vingine, akazunguka kupitia Uganda. Alifika miguu imevimba. Nilimpikia, nikamwogesha, akalala sana. Alipopata nguvu akauliza jembe liko wapi.

Mimi ni mtu wa Masisi. Kwetu mtu anaweza kukaa kilimani akatazama ng'ombe wakila na akahesabu kwamba amefanya kazi. Mnande hawezi. Mama alizunguka ua wetu akigonga mawe kwa kijiti, akitikisa kichwa.

"Bénita, munaishiaka hapa namna gani? Hata shimo ya ndizi hamuwezi kuchimba."

"Tunanunuaka sokoni, Mama."

"Kununua maharage," akasema, kama mtu aliyesikia habari ya msiba.

Kilichonikera ni kwamba Paulin hakumweleza kitu. Wanafunzi wake walikuja, akawasimulia kwa Kifaransa habari za mabeseni mpaka mate yakamkauka, na mama yake akiwa amesimama hapo hapo na sinia ya chai mkononi, akitazama midomo yao. Yeye aliambiwa jambo moja tu: kuku wasifike pale. Nilimwambia Paulin, mweleze mama yako, ule ni udongo wa mlima wake. Akanijibu, "Atasikia nini, Bénita?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyechoka, na nadhani hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Mwezi wa tisa binti yetu Rosine alikaribia kujifungua Bukavu, na Paulin naye alikuwa na masomo ya kufundisha huko. Tukapanda boti, tukamwachia Mama nyumba. Tulikaa mwezi mzima. Mama alibaki na kuku, na mvua, na mabeseni.

Tuliporudi alitupokea getini akicheka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu afike. Hakutuachia hata tutue mizigo. Alimshika Paulin mkono kama mtoto wa shule, akampeleka uani. Chandarua kilikuwa kimekunjwa vizuri pembeni. Kila beseni lilikuwa na maharage, kijani kibichi, yanakaribia kutoa maua, na yamesimamishiwa vijiti.

"Uliona, Kambere? Ile udongo yako ilikuwa na njaa kabisa. Nikaitilia majivu ya jikoni. Nikaomba mavi ya mbuzi kwa jirani. Sasa hata yenyewe inacheka."

Alimwita Kambere, jina la nyumbani. Mimi nilikuwa bado nimeshika begi. Sikujua vijidudu vinahesabiwaje, lakini nilikuwa nimeishi na mwanamume yule muda wa kutosha kujua kwamba majivu ni chakula, mavi ya mbuzi ni chakula, na maharage nayo yanavuta nitrojeni kwa mizizi yake. Hakuna chombo duniani ambacho kingetenganisha tena kilicholetwa na mlima na kilicholetwa na Mama. Kazi ilikuwa imekwisha.

"Ni nani alikuambia upande?" Paulin aliuliza polepole.

"Sasa udongo inalindiwaka nini, kama haipandwe?"

Hapo ndipo alipoanza kung'oa. Aling'oa beseni baada ya beseni, mbele ya macho ya mama yake, akitupa maharage juu ya mawe. Mama hakulia, hakumzuia. Nafikiri hakuwa amewahi kuona mtu mzima mwenye akili timamu aking'oa chakula kinachoota. Alisema tu, "Kambere, bado hayajazaa," kana kwamba mwanawe alikosea msimu.

Paulin akageuka, mikono imejaa udongo, akamwambia: "Ungebakia kule kule."

Kule. Sote watatu tulijua kule ni wapi na waliobaki kule walipata nini. Nilimwona Paulin akilisikia neno lake likiwa limeshatoka. Mdomo wake ulifunguka, na kama angesema lolote wakati ule, hata upuuzi, mambo yangekuwa mengine. Alikwenda kunawa. Mama aliinama akaokota mche mmoja mmoja, akaukung'uta udongo wa mizizi kurudi ndani ya beseni, usipotee.

Asubuhi alikwenda misa na hakurudi. Alikwenda Munigi, nje kidogo ya mji, kwa Athanasie, mtoto wa dada yake, aliyekimbia vita vya Rutshuru na kujenga kibanda cha turubai kati ya wakimbizi wengine, juu ya mawe matupu. Nilimfuata huko. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo, amenyooka, na alinipokea kwa heshima zote. Alisema hana hasira. Alisema mtoto ana kazi yake na hataki kuiharibu mara ya pili. Nilirudi nikamwambia Paulin aende mwenyewe. Akasema atakwenda, lakini aandike kwanza ripoti ya kueleza hasara. Baadaye akasema atakwenda baada ya mitihani. Nilimwambia mama si mtihani wa marudio. Tulikaa siku nyingi tukiongea habari za chumvi na umeme tu. Noeli tulikula wawili tu.

Januari vita vikashuka mpaka Goma. Mabomu yalianza upande wa Munigi, na Paulin akataka kutoka, nikamshika shati mlangoni kwa sababu njia yote ilikuwa risasi. Tulilala chini ya meza na kuta zikitikisika. Alikuwa akisema "Mama, Mama," si kwa kunisikilizisha. Sijawahi kumhurumia mtu na kumkasirikia kwa pamoja namna ile.

Bunduki ziliponyamaza alikwenda kwa miguu. Alikuta vibanda vimevunjwa, watu wametawanyika, na hakuna wa kumuuliza. Alimtafuta makanisani, shuleni, na hospitalini, ambako alifunuliwa nyuso za watu nisizotaka kuzisimulia. Alimpata katika ukumbi wa parokia moja, amekaa ukutani na Athanasie, mzima, amekonda. Alipiga magoti mbele ya umati ule akamwomba radhi. Mama alimshika kichwa akamwambia ainuke, suruali inachafuka. Nilipowaona wanaingia getini nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikaamini yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mama aliyerudi aliomba ruhusa ya kumwaga maji. Aliniuliza maganda ya ndizi ayatupe wapi, na majivu ya jikoni alinikabidhi mimi kwenye sahani, kwa mikono miwili. Naye hakumwita tena mwanawe Kambere. Alimwita Docteur, kama wanafunzi wanavyomwita, na wala si kwa kejeli, kejeli tungeiweza.

Barabara ya Masisi ilipofunguka, Paulin alileta lori la udongo mweusi wa kwetu, mnono, akaumwaga uani, akausawazisha juu ya mawe yote mpaka ukuta wa jirani. Alinunua jembe jipya na maharage ya mbegu. Akamwita.

"Mama, hii ni yako. Hakuna kazi yangu ndani. Panda kila unachotaka."

"Aksanti, Docteur," akasema, akavuta kiti, akakaa na kukunja mikono.

Paulin alishika jembe mwenyewe. Nadhani alifikiri, akiona kazi mbovu, hatavumilia. Alilima mistari ya kupinda. Alirundika mbegu tele shimo moja, akazifukia kirefu ambako hata mimi wa ng'ombe nilijua haziwezi kutoka. Kila mara alimtazama kwa pembe ya jicho. Mama aliona kila kitu. Niliona vidole vyake vikisogea kwenye mapaja. Nilimwomba Mungu Mama amtukane mwanawe, amwite mjinga, amnyang'anye jembe.

Mwishowe Paulin alisimama, jasho linamtiririka.

"Mama, niko napanda muzuri?"

"Ni muzuri, Docteur," akasema Mama. "Ni vile unapenda."

Paulin akainama na kuchimba shimo jingine.