Kifungo cha Elfu Mbili Mia Tano Ishirini na Moja

Kilibaki kimoja.

Mama wa vifungo, mhesabuji wa kiwanda, alikisukuma kwa ncha ya rula hadi ukingoni mwa meza, akaanza upya. Mara ya kwanza alikuwa amepanga kumi kumi. Sasa akapanga saba saba, maana saba ni mkaidi. Kumi huweza kuudanganya mkono uliozoea, saba hakubali. Safu mia tatu na sitini zikaijaza meza. Kimoja kikabaki tena.

Kiwandani kila mfuko ulikuwa na vifungo elfu mbili mia tano na ishirini. Msimamizi wa zamani, marehemu sasa, ndiye aliyeichagua namba hiyo na kumfundisha mama alipokuwa bado msichana. Igawe kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, nenda mpaka kumi: haibakizi kitu, na hakuna namba ndogo kuliko hiyo yenye ukarimu huo. Anayeshona mashati ataka saba saba, wa makoti nane nane, wa magauni tisa tisa, wote huondoka wametosheka. "Namba hii haimrudishi mgeni mlangoni," alipenda kusema.

Asubuhi hiyo msimamizi mpya, rika la mwanawe wa mwisho, aliuweka mfuko juu ya mizani mpya, inayogeuza uzito kuwa idadi, mbele ya wafungashaji wote. Mizani ikasoma 2,520. Akatangaza kwamba mama ahesabu kwa mkono. Mama na mizani wakipatana, meza yake haina kazi tena. Wasipopatana, itajulikana macho ya nani yamechoka. Wenzake wakacheka. Naye akacheka kidogo, asije akawa peke yake asiyecheka.

Kabla ya chakula cha mchana msimamizi akaja.

"Ngapi, mama?"

"Elfu mbili mia tano ishirini na moja."

"Mizani haikosei. Wala haiombi ruhusa ya kwenda msalani."

"Basi kaa uhesabu, mwanangu."

Akakaa kweli. Akavua saa, akapita safu kwa safu huku midomo ikimchezacheza, hadi akafika kwa kile cha ukingoni. Mama akamwambia asijisumbue kupanga upya, lundo hili lingebakiza kimoja vyovyote vile. Kijana hakuamini. Akachukua penseli, akagawa kwa nane, akagawa kwa tisa, na kila mara akarudi palepale.

"Uko sawa," akasema taratibu.

Miaka thelathini na moja ya kazi ikamwinua mama mabega. Kisha msimamizi akaivaa saa yake.

"Lakini kifungo kimoja, mama? Nani atakijua?"

Meza ingeondolewa Jumatatu. Kijana akamshukuru mama kwa upole, kwa maneno ambayo bila shaka aliyaandaa tangu jana, akamwambia kile kimoja akichukue, kiwe chake.

Nyumbani, alikoruhusiwa kurudi mapema, mama alikaribishwa na viti vinne; kimoja tu ndicho kilichochakaa. Akakikalia. Mwanga wa alasiri ulikuwa bado umelala mezani, na alikuwa hajazoea kuuona saa kama hiyo. Akakitoa kifungo mfukoni mwa aproni, cheupe, cha matundu manne, akakisimamisha kwa ukucha na kukizungusha.

Kilizunguka kikiimba kwa sauti nyembamba, kikapita mbele ya kiti kimoja, cha pili, cha tatu. Kikaanza kuyumba.

Hakukigusa.